Naomba ushauri: nipunguze vipi maamuzi ya kila siku ili akili ibaki na nguvu ya kazi?

Mwalimu wa Kamalondo

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi, Kongo. Ninafundisha darasa la sita, watoto wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, nami nina watoto wanne nyumbani. Siumwi na usingizi ninaupata, lakini alasiri ninapokaa kusahihisha madaftari, ninasoma insha moja mara mbili tatu bila kuona kosa lililo wazi. Nikijichunguza, ninaona kwamba kabla ya kuingia darasani nimekwisha kuamua mambo mengi madogo: nani ateke maji, tupike kwa umeme au tuwashe mbabula (jiko la mkaa), tule nini, dola niibadilishe leo au ningoje kesho, na ikiwa noti ina mpasuko mdogo pembeni, ni nani atakayeipokea. Niliandika ratiba ya saa kwa saa nikaibandika ukutani, lakini umeme ukikatika jioni yote inavurugika na ninaanza kuamua upya. Nifanyeje?

Yaya wa Kampemba

Pole sana, mwalimu. Yale yanayojirudia yaamue mara moja kwa wiki. Kwangu Jumatatu na Alhamisi ni bukari (ugali) na sombe (kisamvu), Jumanne na Ijumaa ni maharage, wala hakuna anayeuliza. Jumamosi ninabadilisha fedha za wiki nzima, kisha ninagawa faranga katika bahasha tatu: chakula, usafiri na makala, yaani mkaa. Kiwango kikibadilika katikati ya wiki huenda nikapoteza kidogo, lakini hasara hiyo ninaikubali, kwa sababu hesabu ya kila asubuhi ilikuwa inanigharimu zaidi. Hata Barack Obama, alipokuwa rais wa Marekani, alieleza mwaka 2012 kwamba alivaa suti za kijivu au za buluu tu, ili asiongeze maamuzi ya nguo na chakula juu ya yale mengi aliyokuwa nayo.

Mwanafunzi wa saikolojia, Ruashi

Bahasha ninaziunga mkono, ila tusimwambie mama mwalimu kwamba nguvu ya akili ni pipa la maji ambalo lazima liwe tupu ifikapo alasiri. Fikra hiyo ilienea baada ya majaribio ya mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake mwaka 1998, lakini mwaka 2016 maabara 23 zenye washiriki zaidi ya 2,000 zilirudia jaribio la aina hiyo na hazikupata athari ya maana. Lililo imara zaidi ni kwamba akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja. Mtafiti wa kumbukumbu Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria manne hivi. Ukisahihisha huku unawaza maji, makala na dola, insha inabaki na nafasi ndogo sana. Kwa hiyo kabla ya kufungua daftari la kwanza, andika kila linalokusumbua na hatua utakayoichukua. Utafiti wa Masicampo na Baumeister wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jambo lisilomalizika huacha kuingilia kazi nyingine mtu akishalipangia hatua mahususi.

Ratiba yako ilivunjika kwa sababu uliifunga kwenye saa, na mji huu hauendi kwa saa. Ifunge kwenye matukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hiyo: ikitokea hivi, ninafanya vile. Umeme ukirudi, aliye karibu anachemsha maji ya kunywa na kuchaji taa. Ukiwa haupo wakati wa kupika, mbabula inawashwa bila mjadala.

Baba wa Katuba

Hayo ya matukio ndiyo yaliyotutuliza sisi. Mabidoni (madumu ya maji) yaliyojaa yakibaki mawili, mwanangu mkubwa anakwenda kisimani bila kutumwa. Mpe kila mtoto kazi moja iliyo yake, na usiwarundikie wasichana peke yao. Siku za mwanzo atasahau. Mkumbushe, lakini usiifanye wewe, kwa maana ukiifanya uamuzi umerudi kwako.

Mwalimu wa Kamalondo

Ninawashukuru kwa dhati. Maji nitamkabidhi kijana wangu wa kwanza kwa kanuni ya mabidoni mawili, na fedha nitaziweka katika bahasha kuanzia Jumamosi hii. Hadithi za usiku na watoto sitaziwekea utaratibu wowote, wachague wenyewe, kwa kuwa uamuzi huo haunichoshi. Yaya, bahasha ya makala unafanyaje mvua zikianza, maana bei ya gunia hupanda?

Yaya wa Kampemba

Ninanunua magunia mawili mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, na ninayaweka juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usiyafikie. Bahasha yenyewe siiongezi. Ikiisha mapema, wiki hiyo maharage tunayaloweka usiku kucha ili yaive kwa makala machache.