MREJESHO: Wale madevelopa wa bure wa smart home, tuwalipeje?

Wakuu, niliuliza hapa hawa jamaa wanaotuandikia app za kuendesha taa na vitasa vya smart home (vifaa vya nyumbani unavyoviendesha kwa simu) kwa kujitolea walipwe vipi kwa haki. Asanteni kwa majibu, hata yule aliyesema "si walijitolea wenyewe" (haya bwana).

Wazo la kugawa hela kwa idadi ya installs nimelitupa, maana app ya taa inawekwa na kila mtu halafu ya kifaa adimu ina watumiaji wachache ila ndo inamtesa developa, kila kampuni ikibadili API yake (njia ambayo app inaongea na kifaa) jamaa anaanza upya na hana hata hicho kifaa cha kujaribia. Kwa hiyo nimeanza kuchangia kidogo kila mwezi kupitia GitHub Sponsors (huduma ya kuwachangia madevelopa kwenye GitHub, mtandao wanakoweka code zao), ukitumia akaunti binafsi hawakati ada. Home Assistant (programu ya bure ya kuunganisha vifaa vya smart home) nayo inaendeshwa sana na subscription ya Nabu Casa, kampuni ya waanzilishi wake, ila hiyo inalipa walioajiriwa, wa kujitolea wengi hawaguswi.

Developa mmoja nilimuuliza akanijibu hela sawa, ila angefurahi zaidi watu wakituma logi kamili (rekodi ya app inayoonyesha kosa lilipotokea) badala ya "haifanyi kazi" tu 😂