Nyuki akikudunga siku hizi mwili wako unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mrina wa Ruai
Wadau wa mizinga, leo tuache bei ya asali kidogo. Nataka kujua mwili wako umebadilika vipi tangu ulipoanza kudungwa.

Mimi nilianza na Langstroth, ile mizinga ya masanduku, nyuma ya nyumba ya wazazi. Mwaka wa kwanza, nikidungwa kidoleni mkono unavimba hadi kiwiko, saa haifungi, na kujikuna ni usiku kucha. Baadaye mwiba ukawa maumivu ya dakika chache na alama nyekundu, basi. Kisha kazi ikanipeleka Mombasa, mizinga akabaki nayo ndugu yangu. Juzi nimerudi, nikadungwa mara moja tu shingoni. Shingo yenyewe haikuvimba sana, lakini vipele vya mabaka vikatoka tumboni na mapajani, mahali ambapo nyuki hakufika kabisa, na viganja vikawasha vibaya. Jioni vikapotea vyenyewe. Tangu hapo nikiwasha bomba la moshi roho haitulii. Kuna mwingine yamempata?

Top Bar Lang'ata
Pole, bro. Mimi miaka yote hii bado nikidungwa karibu na jicho uso unaumuka kama andazi, kazini wananicheka. Dawa yangu ni moja: nameza Piriton kabla ya kufungua mzinga, halafu naingia na amani.

Mama Mizinga, Kikuyu
Kwangu aliyebadilika si mimi, ni binti yangu. Mimi nadungwa na kuendelea na kazi. Yeye hafungui mzinga, ila ndiye alikuwa anafua ovaroli na glavu. Akaanza kupiga chafya akizishika, macho mekundu, kifua kinabana. Tukadhani ni sabuni, tukabadilisha sabuni, wapi. Siku moja nyuki aliyekuwa amejikunja kwenye pindo la mkono wa ovaroli akamdunga, na midomo ikavimba kabla hatujafika barabarani kutafuta gari. Hospitalini daktari akauliza swali moja tu: nani nyumbani anafuga nyuki? Akatueleza kuwa vumbi la mzinga na sumu iliyokaukia kwenye nguo vinaweza kumjengea mzio mtu asiyekaribia mizinga. Siku hizi nguo za nyuki haziingii ndani. Nazikung'uta bandani na kuzifua mwenyewe kwenye karai la nguo hizo tu. Wenye watoto liangalieni hilo.

Mzee wa Gogo, Kayole
Wanangu, sisi kule Kitui tulipanda mbuyu usiku na mwenge, mizinga ya gogo, bila wavu wala glavu. Nilidungwa utotoni hadi nikaacha kuhesabu. Kuvimba sikujui. Sasa mwaka jana nimeanza dawa za presha, na mwaka huo huo mwiba mmoja wa sikioni ukanikalisha chini, kizunguzungu, jasho la baridi. Mke wangu asema ni uzee. Mimi sikubali.

Muuguzi mwenye mizinga miwili, Kasarani
Nianze na wewe, Mrina. Uvimbe unaoanzia palipodungwa, hata ukapanda hadi begani na kukaa wiki nzima, bado ni wa mahali pamoja. Vipele vikitokea mbali na mwiba, ujue mwili mzima umeitikia. Mwiba ujao unaweza kuishia hapo tena, unaweza kuzidi, na hakuna wa kukuapia ni upi. Usifungue mzinga mpaka uonane na daktari wa mzio.

Kuhusu kuzoea, mwili hutengeneza kingamwili za aina mbili dhidi ya sumu ya nyuki. IgE ndiyo inayoleta mzio. IgG4 huiwahi sumu kabla IgE haijaigusa. Ukidungwa mara kwa mara IgG4 hupanda, na mara nyingi ndiyo sababu mkono unaacha kuvimba. Ukikaa mbali inashuka, lakini IgE inaweza kubaki. Wafugaji wa nchi zenye baridi kali wanalijua hili, maana miiba ya kwanza baada ya miezi ya kutofungua mizinga huwa mikali zaidi. Na tafiti za wafugaji wa Ulaya zilikuta mzio wa mwili mzima ukiwaandama zaidi wanaodungwa chini ya mara 25 kwa mwaka. Waliozidi mara 200 karibu hawakuupata. Kwa hiyo mwenye mizinga miwili anayefungua mara moja moja, yaani mimi na nusu ya Nairobi, ndiye wa kujichunga.

Lakini mtu asitoke hapa akaenda kujidungisha ili azoee! Kuna matibabu ya kuuzoesha mwili sumu kwa dozi ndogo zinazopandishwa polepole, kwa kawaida miaka 3 hadi 5, ila hufanyika chini ya daktari, adrenalini, sindano ya dharura ya mzio, ikiwa karibu. Na mamia ya miiba kwa mpigo yanaweza kuharibu figo hata za mtu asiye na mzio wowote.

Mzee wangu, heshima yako, huenda si uzee. Dawa za presha za jamii ya atenololi na propranololi zinaweza kuuzidisha mzio na kuizuia adrenalini isifanye kazi inavyotakiwa. Usiziache. Mwambie daktari kwamba wewe ni mrina asali, aamue yeye.

Top Bar, Piriton inapunguza muwasho. Haizuii presha kushuka wala koo kufunga. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukufichia vipele, ambavyo ndivyo dalili ya mapema.

Top Bar Lang'ata
Dada, umeniharibia amani yangu. Asante lakini.

Jirani wa Ngong
Yangu niliyamaliza huko huko kwenye koo kufunga. Miaka ya kuvimba kawaida tu, halafu siku moja, miiba miwili ya kifundo cha mguu, gambuti limeteleza. Kwanza viganja, kama Mrina. Halafu tumbo likanyonga nikatapika, sauti ikawa ya kukwaruza, nikaona giza. Jirani alitaka kunisimamisha tutembee hadi barabarani. Mke wangu akakataa, akanilaza miguu juu ya kreti hadi gari likaja. Daktari alisema huenda ndicho kilichoniokoa, maana kusimama ghafla presha ikiwa chini kunaua. Nikachomwa adrenalini pajani, ikarudiwa, nikalazwa hadi kesho yake kwa sababu mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Jambo jingine: mwiba utoe papo hapo, kwa ukucha au kwa vidole, usitafute kisu. Kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma hata nyuki akishaenda. Kisha ondoka hapo, maana mwiba unaacha harufu ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, na hawa nyuki wetu hawahitaji kuitwa mara mbili.

Mama Mizinga, Kikuyu
Jirani, bado unafuga?

Jirani wa Ngong
Nauza asali ya wenzangu. Mizinga niliigawa.

Mrina wa Ruai
Asanteni sana, hasa dada muuguzi. Nimeshaomba miadi. Ndugu yangu ataendelea kufungua, mimi nibaki na kazi ya kuchuja na kupakia, mbali na mizinga. Ila yeye hawezi yote peke yake. Kuna Langstroth mbili zenye nyuki. Anayezitaka aje na pikapu baada ya magharibi, wakisharudi wote ndani, na aje na wavu wake.