Mrejesho: ile filamu yangu fupi ya chuo, sauti imekaa sawa

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyewauliza kuhusu filamu yangu ya dakika 8, kila nikikata shoti mazungumzo yanaruka na muziki unawameza waigizaji.

Aisee ushauri wa kurekodi ukimya wa chumba umeniokoa. Nilirudi palepale tuliposhutia, feni imezimwa kama siku ile, nikaacha maiki irekodi sekunde 60 bila mtu kuongea, nikautandaza ule ukimya chini ya sini nzima na sasa sehemu nilizokata hazisikiki kabisa!

Ila kilichonigusa zaidi ni sini ya mama na binti, pale nimetoa piano yote maana ilikuwa inamlazimisha mtu alie kabla hajasikia neno. Sasa unasikia funguo zinagonga kitasa kama nusu sekunde kabla ya kuona mlango, halafu binti anageuka, basi. Nimeirudia mara nyingi na bado inanishika.

Mazungumzo nimeyaweka kwenye -12 dB hivi (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), muziki uko chini sana. Asanteni sana, hasa aliyesema niisikilize filamu nikiwa nimefumba macho.