Ushauri: masta ya teknolojia ya elimu huku nafundisha Pemba, niende vipi?

Mwalimu_Saketi

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Nnafundisha fizikia sekondari, Wilaya ya Micheweni, na nataka kuanza masta ya teknolojia ya elimu bila ya kuacha kazi. Yapo matatu yananitatiza. Nisome kwa masafa au niombe ruhusa nikakae Unguja? Mada niliyoandika ni "Matumizi ya tableti katika ufundishaji wa fizikia". Nimeambiwa ni pana na haina tatizo ndani yake. Tena skuli ina tableti 15, darasa lina wanafunzi 45, intaneti ni bando la simu na umeme haukawii kukatika. Ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, niifanye seva ya darasa?

Bi_Ratiba

Wa alaykumu salaam maalim. Kabla ya chuo, piga hesabu ya saa. Masta kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, kusoma na kuandika vyote ndani. Jumla saa 1,800. Kwa miaka miwili ni kama saa 17 kila wiki, hata wiki ya Idi. Mwenye vipindi vingi na rundo la madaftari hazipati hizo. Ukiruhusiwa miaka mitatu zinashuka hadi 11 na nusu, na hizo zinawezekana: saa mbili baada ya Isha siku nne, zilizobaki Jumamosi.

Kwa hiyo masafa, au chuo chenye mpango wa muda wa ziada. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi kuu iko Tunguu, Unguja. Usiulize ada tu. Uliza mitihani inafanyiwa wapi, unatakiwa ana kwa ana mara ngapi kwa mwaka, na msimamizi ana wanafunzi wangapi. Nauli ya boti na malazi vinaweza kuipita ada bila ya mtu kutanabahi. Ukipenda chuo cha nje, hakikisha TCU wanaitambua shahada yake kabla ya kulipa. Tume ya ufadhili ya Commonwealth iliyoko Uingereza ina ufadhili wa masta za masafa, lakini ni kwa kozi zilizomo kwenye orodha yao tu.

Chaki_na_Kipanya

Mimi niiguse mada. Tableti ni chombo. Tatizo la utafiti ni lile kosa ambalo wanafunzi hulirudia kila mwaka na chaki imeshindwa kuliondoa. Kwenye umeme lipo moja mashuhuri: unga globu mbili kwa mfuatano, kisha uliza mkondo ukoje baada ya kupita globu ya kwanza. Wengi watasema umepungua, kwa kuwa globu ya kwanza "imekula" sehemu yake. Sasa andika: simulesheni ya saketi (saketi ya kuigiza kwenye skrini) inawasaidiaje wanafunzi wa Kidato cha Pili kuacha dhana kwamba mkondo huliwa njiani? Hapo una somo, una kosa na una chombo, na kila kimoja kina kazi yake.

Hiyo ndiyo TPACK, nadharia ya Mishra na Koehler ya mwaka 2006: ujuzi wa somo, wa kufundisha na wa teknolojia vikishikana. Tafadhali usiuchore ule mchoro wa duara tatu kwenye sura ya pili kisha ukausahau mpaka mwisho. Kama hautumiki kuchambulia data, uache.

Mwalimu_Saketi

Nimeelewa, shukran. Basi darasa la asubuhi wasome kwa simulesheni, la jioni kwa ubao, halafu nilinganishe alama?

Chaki_na_Kipanya

Hapana maalim, hapo ndipo tasnifu nyingi zinapozama.

Kwanza, asubuhi na jioni si sawa. Wa jioni wanaingia na joto la saa nane, na wengine wametoka kazini au chuoni kusoma Kurani. Tofauti utakayoiona huwezi kujua ni ya simulesheni au ya saa.

Pili, simulesheni dhidi ya ubao mtupu ni mashindano ya upande mmoja. Richard Clark, mtafiti wa elimu, aliliandika hili mwaka 1983: chombo cha kufundishia ni mfano wa gari lililoleta chakula, na lishe haibadiliki kwa sababu ya gari. Mtafiti mwenzake Kozma alimjibu mwaka 1994, wasome wote wawili. Ila hoja ya Clark itakuuliza swali moja: wa ubao walipata nafasi ya kubashiri, kujaribu na kujisahihisha? Kama hawakupata, umepima njia ya kufundisha, hukupima tableti.

Fanya hivi. Kundi moja litumie simulesheni, la pili globu na betri za kweli, karatasi ya kazi iwe ile ile: bashiri, unga, angalia, eleza. Wiki ya kwanza saketi mfuatano. Wiki ya pili wabadilishane kwa saketi sambamba. Kila darasa linapata vyote viwili. Halafu usidai una sampuli ya watu 90, una madarasa mawili. Nguvu ya kazi yako itatoka kwa wanafunzi 8 au 10 utakaowahoji mmoja mmoja huku wakieleza wanachokiona.

Tahadhari na hizo globu. Za dukani hazilingani hata kama zimeandikwa volti sawa. Ukiziunga kwa mfuatano moja inang'aa na nyingine inafifia, na mtoto anakwambia "si unaona, ile imekula umeme". Zijaribu usiku uliotangulia, uzipange jozi jozi zinazowaka sawa. Kwenye simulesheni ya PhET, zile za bure za mtandaoni, kosa ni jengine: vile vidoto vya buluu ni elektroni, zinakwenda kinyume na mshale wa mkondo wa kitabuni. Pana kitufe cha kubadilisha. Amua mapema utumie upi.

Fundi_Seva

Raspberry Pi usinunue, kwa kazi hii haihitajiki. Simulesheni ya PhET hupakuliwa kama faili moja la HTML linalofanya kazi bila ya intaneti. Lipakue mjini, linakili kwenye tableti zote 15, lifungue kwa Chrome. Ukilifungua kwa kisomaji kilichokuja na tableti unaweza kupata ukurasa mweupe tu. Majibu ya wanafunzi yachukue kwa programu ya KoboCollect: fomu inajazwa bila ya mtandao, inatumwa siku ya bando. Wanafunzi watatu kwa tableti moja, na anayeshika abadilike kila swali, la sivyo mmoja atacheza na wawili watatazama.

Seva ina maana ukitaka video. Zikiwa za kilobiti 600 kwa sekunde, tableti 15 kwa pamoja ni megabiti 9, ruta ya kawaida inabeba. Weka Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, kiolesura chake kina Kiswahili, uchague mada unazotaka tu. Channeli nzima, yaani furushi lote la masomo, itajaza diski. Ila zijue tabia za Pi 4. Inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ikiwa dhaifu inajizima katikati ya kipindi. Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, memori kadi inaweza kuharibika, kwa hiyo iunganishe na powabanki inayochaji huku ikitoa, na kadi ya pili yenye nakala iwe mfukoni. Tena haina betri ya saa: ikiwaka bila ya intaneti tarehe inabaki nyuma, na rekodi zako zote zinakuwa za uongo. Kidude cha saa cha DS3231 kinalitibu hilo. Mwisho, tableti yenye laini ikiona Wi-Fi haina intaneti huikimbia, zima data.

Mkarafuu

Kuhusu vibali: elimu ya juu ni jambo la Muungano, ya msingi na sekondari si la Muungano. Kwa hiyo barua ya chuo cha Bara peke yake haikuingizi skuli ya Pemba kufanya utafiti. Unahitaji kibali cha huku, kisha Wizara, wilaya, mwalimu mkuu. Hata ukifundisha skuli hiyo hiyo. Fomu ya ridhaa ya mzazi iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja.

Na tazama kalenda. Ukiwapa jaribio la marudio wiki ya nne kuona walichokumbuka, nalo likaangukia msimu wa karafuu, nusu ya darasa iko mashamba. Ramadhani nayo inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Pendekezo lililoandikwa mwaka juzi limeshapitwa.

Mwalimu_Saketi

Ahsanteni sana. La mwisho: jaribio liwe Kiingereza au Kiswahili?

Chaki_na_Kipanya

Zote mbili kwenye karatasi moja, Kiingereza juu kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, Kiswahili chini yake. Vyenginevyo utapima nani anajua kusoma swali. Liko jaribio la DIRECT la Engelhardt na Beichner, la kupima uelewa wa saketi, maswali 29. Chagua yanayohusu mkondo. Mmoja afasiri, mwengine asiyeliona la asili alirudishe Kiingereza, mlinganishe. Chini ya kila swali acha mstari wa "Kwa nini?". Lijaribu kwa wanafunzi 20 wa skuli nyengine, na swali walilopata wote au walilokosa wote litoe.