Tumemtoa mtu kwenye grupu, bado anasoma meseji. Naombeni ushauri

Kijana wa Kikoba
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika programu ya kuchati ya kikoba chetu, watu 38. Meseji zinasimbwa kwenye simu kwa AES-256 (njia ya kusimba inayoaminika) kabla ya kufika kwenye seva. Ufunguo ni mmoja, kila anayejiunga anapewa. Mwezi uliopita tulimtoa mwenzetu (mambo ya mkopo, tuyaache). Juzi kanipigia, ananisomea neno kwa neno tuliyomsema baada ya yeye kuondoka! Nimekagua, kumbe seva inampa meseji yeyote mwenye namba ya grupu. Tundu nimeliziba ila roho haijatulia. Nakosea wapi?

Chumvi Nyingi
Si mhamie WhatsApp tu yaishe?

Kijana wa Kikoba
Hesabu za michango zimo humo humo mkuu, hatuhami.

Mama Seva
AES yako haina kosa, mdogo wangu. Umemfukuza mpangaji hukubadilisha kitasa. Mtu akitoka, tengeneza ufunguo mpya, na usiutume ukiwa umesimbwa kwa ule wa zamani maana na yeye anao. Kila aliyebaki atumiwe kivyake, ukiwa umesimbwa kwa ufunguo wake mwenyewe, si wa grupu. Halafu kuna jingine hujaliuliza: simu moja ikiibiwa leo, mwizi anafungua mpaka meseji za siku ya kwanza. Kwenye magrupu ya Signal na WhatsApp kila mtu ana ufunguo wake wa kutumia meseji, unasogezwa mbele kila anapoandika na wa nyuma unafutwa. Kazi inakuja mtu akitoka: 37 waliobaki, kila mmoja anatengeneza mpya na kuwapelekea wenzake 36. Safari 1,332. Kwenu zinabebeka.

Mzizi wa Mti
Ndiyo maana ikaja MLS, itifaki ya kusimba meseji za magrupu (kiwango cha intaneti RFC 9420, Julai 2023). Wanachama wanapangwa kama majani ya mti. Ukibadilisha ufunguo wako, zinabadilika zile za njia ya kutoka kwako hadi shinani tu. Watu 1,000 ni kama ngazi 10. Usijiandikie mwenyewe, chukua OpenMLS, kodi iliyokwisha andikwa kwa lugha ya Rust. Ila seva ipange foleni: wawili wakibadilisha grupu kwa pamoja, anakubaliwa mmoja, mwingine anarudia.

Mama Seva
Sahihi, ingawa mkitoana sana mti unabaki na mapengo, gharama inapanda.

Kaskazi
Nyie mnaogopa kutoka, mimi naogopa kuingia. Nani anaruhusiwa kuongeza mtu? Mwaka 2018 Rösler, Mainka na Schwenk walionyesha kwamba mwenye kuitawala seva ya WhatsApp angeweza kumchomeka mtu kwenye grupu, kwa kuwa agizo la kuongeza halikuwa na saini ya admini. Wanachama wangeona taarifa, lakini nani huzisoma zile? Agizo lako la kuongeza mtu lisainiwe kwenye simu ya admini, na simu za wengine zikague kabla ya kumpa mgeni chochote. Tena funguo za watu zikigawiwa na seva peke yake, siku ikivamiwa itagawa za mvamizi. Vikoba mnakutana ana kwa ana, bahati ambayo wenye programu kubwa hawana. Skanianeni QR za funguo zenu kikaoni.

Chumvi Nyingi
Na kama kuna wa ndani anampigia picha skrini?

Kaskazi
Hapo hakuna itifaki itakayosaidia.

Kijana wa Kikoba
Rekodi za seva zinaonyesha ni simu yake mwenyewe iliyokuwa inachota. OpenMLS nimeianza usiku huu, na Jumamosi kila mtu anakuja na simu. Mweka hazina ameshauliza kama kuskani kunakula bando.