Mjadala: Maaskofu wa Ayalandi walikosea kuupiga vita mkesha wa maiti?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Zamani vijijini Ayalandi mtu akifa, saa ya ukutani inasimamishwa, kioo kinafunikwa, dirisha linafunguliwa roho ipate kutoka. Akina mama wa jirani wanamwosha. Na marufuku kulia mpaka wamalize: kilio cha mapema, waliamini, huamsha mbwa wa shetani wakaiwinda roho. Baada ya hapo usiku unachangamka. Ugoro kwenye sahani, viko vya udongo, wiski, rozari, halafu michezo. Kuna maiti walioshikishwa karata mkononi! Tangu karne ya 17 maaskofu Wakatoliki walikemea michezo hiyo na wanawake wa kuomboleza kwa ujira. Mimi nasema walikuwa sahihi. Maiti si wa kuchezewa.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umechanganya. Karata na vichekesho vilikuwa vya mzee aliyekula chumvi nyingi. Akifa mtoto, au mama kaacha wadogo, hakuna mchezo, ni majonzi tu. Wenyewe walijua mpaka. Na kwetu Tanzania, watani wakija msibani wakamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, mbona hatumwiti askofu?

Mchangiaji 2:
Linaloniuma mimi ni hao wanawake waombolezaji. Mwaka 1773 Art Ó Laoghaire, Mkatoliki wa Ayalandi, alipigwa risasi akafa. Kisa kinachosimuliwa ni farasi. Sheria ilimbana Mkatoliki amwachie Mprotestanti farasi wake kwa pauni 5, yeye akagoma. Mkewe, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, akamlilia kwa beti. Humohumo dada wa marehemu anamsuta: usiku wa mkesha ulikwenda kulala! Mjane anamjibu kwamba alikuwa akiwalaza watoto. Mawifi hao, maiti katikati, wanasutana kwa ushairi, na kila mtu anasikia. Sauti kama hizo ndizo mapadre walizozima.

Mleta mada:
Kwa waombolezaji nakubali, hapo Kanisa lilizidisha. Mkesha wenyewe haukufa: mpaka leo wapo wanaoweka jeneza wazi sebuleni, majirani wanapita kumshika marehemu mkono, chai na sandwichi zikizunguka. Korona ilipobana mwaka 2020, mazishini watu 10 tu, wanakijiji wakajipanga kando ya barabara gari la maiti likipita. Hiyo naielewa kabisa. Ila karata mkononi mwa baba yangu? Aje mtu ajaribu.