Je, kujali maslahi binafsi kunatosha kuendesha soko huria?

Swali: Mwanauchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba mwokaji hatupatii mkate kwa hisani, bali kwa kutafuta faida yake. Je, hoja hiyo inasimama pale muuzaji anapoijua kasoro asiyoiona mnunuzi?

Jibu la 1: Haisimami peke yake. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya kati, mwenye gari zima akaona hasara na kujiondoa, hata sokoni yakabaki mabovu.

Jibu la 2: Nakubali, ila tukitaka serikali iweke mdhibiti wa kusimamia soko, naye ni binadamu mwenye maslahi yake, hilo linanitia wasiwasi zaidi.

Muulizaji: Je, dhamana ya maandishi, inayomfanya muuzaji agharimie matengenezo mwenyewe, haitapunguza tatizo?

Jibu la 1: Itapunguza, mradi mahakama iitekeleze.